Sanduku la Chiriku

Fundi anatengeneza masanduku ya bati. Ukipita kwenye ile safu ya karakana nyuma ya soko, utamsikia kabla hujamwona. Ko! Ko! Ko! Nyundo yake inaanza watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Anatengeneza ndoo, makarai, majiko na mifereji ya maji ya mvua. Lakini kazi inayomlisha hasa ni masanduku. Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi wanamjia kwa wingi. Kila mtoto anayekwenda bweni anahitaji sanduku lenye kufuli.

Nyumba ya Fundi iko nyuma ya karakana hiyo hiyo. Zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, tena wa bati. Mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, majirani walimhurumia.

"Mtoto atalala saa ngapi na kelele hizi?" waliuliza.

Lakini mtoto alilala. Fundi alikata bati, akakunja bati, akagonga bati. Mtoto hakushtuka. Siku moja bati zima lilianguka sakafuni karibu na kitanda. Paka alitoka mbio. Mtoto aliendelea kunyonya.

Fundi alifurahi sana. Alimwambia kila mteja, "Mtoto wa fundi haogopi nyundo!" Basi wakampa msichana huyo jina la utani, Jasiri. Mama yake naye akaitwa Mama Jasiri.

Kosa lilianzia hapo. Watu wanaoishi mahali pa kimya wangegundua mapema. Wangeona kwamba mtoto haugeukii mlango ukibamizwa. Wazazi hawa, kwa sababu ya nyundo, waliona ushujaa. Jasiri hakuwa shujaa wa kelele. Jasiri alikuwa kiziwi.

Walijua alipofika umri wa kuongea na hakuongea. Hapo maneno ya watu yakaanza, na watu hawakosi maneno. Mmoja alisema ni laana. Mwingine alisema, "Subirini, ataongea tu. Hata mjomba wangu alichelewa." Wakasubiri. Wakapata mtoto wa pili, msichana pia. Huyu alitoa sauti nyingi kooni kutwa nzima, kama ndege. Wakamwita Chiriku. Naye pia alikuwa hasikii.

"Tuwapeleke shule?" Mama Jasiri aliuliza siku moja.

"Hawasikii," Fundi alijibu. "Watasoma nini?"

Fundi hakuwa baba mbaya, nisimsingizie. Aliwapenda wanawe na hakuwahi kuwaficha ndani. Ila alidhani shule inaingia kwa masikio tu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia vinginevyo.

Nyumbani walikuwa na ishara chache walizobuni wenyewe. Vidole mdomoni ni kula. Kiganja shavuni ni kulala. Kulikuwa na ishara ya kuita, ya kukataza na ya choo. Hakukuwa na ishara ya jana wala ya kesho. Hakukuwa na ishara ya kuumwa.

Wasichana wale wawili walielewana kwa namna yao. Kila walipomaliza kuoga, Jasiri aliketi kizingitini na chanuo mkononi. Chiriku alikaa katikati ya magoti yake. Jasiri alimchana, akamsuka, akamgonga kidogo kichwani kuonyesha kwamba amemaliza. Chiriku alicheka kwa sauti yake ya ndege. Mama yao alipenda sana kuwatazama.

Kisha Jasiri akaugua.

Alianza kulia mchana mmoja, akijikunja. Mama yake alidhani ana njaa, akampa uji. Jasiri akakisukuma kikombe. Mama akamlaza. Jasiri akaamka, akamshika baba yake mkono, akamtazama usoni na kutoa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. Fundi alikuwa na kazi ya watu. Alimrudisha ndani, akampa tena ule uji. Jasiri akaumwaga.

"Huyu mtoto ameanza kiburi," Fundi alisema.

Hakikuwa kiburi. Lilikuwa tumbo, upande wa kulia, chini. Mtoto yeyote mwenye lugha angesema, "Mama, hapa panauma, na panazidi." Jasiri hakuwa na maneno hayo, wala ya mdomo wala ya mikono. Walipomfikisha hospitali, utumbo ulikuwa umepasuka. Daktari alifanya alichoweza. Alipotoka, aliwaambia kwa upole, "Mngemleta jana."

Jana. Neno ambalo Jasiri hakulijua.

Walimzika kesho yake. Nyumba ilijaa watu. Chiriku alipita katikati ya miguu yao. Aliona dada yake akiwekwa ndani ya jeneza. Aliona kifuniko kikifungwa. Aliona wanaume wakilibeba, wakalipakia kwenye gari, gari likaondoka. Hakuna aliyemweleza kitu. Wangemwelezaje? Jioni alichukua chanuo, akaketi kizingitini. Kesho yake aliketi tena. Alifanya hivyo siku nyingi mno, na mama yake akawa anapitia mlango wa nyuma ili asimwone.

*

Mwaka mwingine ukaingia. Msimu wa masanduku ukafika.

Mwanamke mmoja alikuja karakanani, amevaa viatu vya kutembelea mbali. Alitaka masanduku ya wanafunzi wake ambao wazazi wao hawakuweza kununua. Fundi alikuwa anampimia bati lilipomponyoka mkononi. Lilianguka kwa kishindo. Yule mwanamke aliruka. Chiriku, aliyekuwa anachezea vipande vya bati pale chini, hakuinua hata kichwa.

Mwanamke alimtazama Chiriku. Akatembea mpaka mbele yake, akachuchumaa, akapunga mkono taratibu. Chiriku akamwona. Mwanamke akaanza kusogeza mikono yake hewani, polepole, huku uso wake ukicheka na kuuliza. Chiriku aliacha kila kitu. Alivitazama vile vidole kama mtu mwenye kiu anavyotazama bomba.

"Huyu ni wako?" mwanamke aliuliza.

"Ni wangu. Hasikii, mwalimu. Usijisumbue."

"Sijisumbui. Ndiyo kazi yangu. Nafundisha shule ya viziwi. Masanduku haya ni ya watoto kama yeye."

Fundi aliweka mkasi chini. Miaka yote ile alikuwa ametengeneza masanduku ya watoto wa watu. Haikumjia akilini kwamba mojawapo lingeweza kuwa la wanawe.

Akamwita mkewe. Mdogo wake Fundi naye alikuwepo, amekuja kusalimia. Huyu ni dereva wa lori la taka la halmashauri, mtu wa mizaha na mwenye jibu kwa kila jambo. Pale mtaani wanamwita Baba Mdogo. Wote wakaketi kwenye masanduku yaliyokuwa hayajapakwa rangi.

"Shule hiyo ni kiasi gani?" Mama Jasiri aliuliza.

"Ni ya serikali. Ada hakuna," mwalimu alisema. "Lakini sitakudanganya, mama. Kuna nauli, godoro, sare na sabuni. Kwanza apimwe masikio hospitali, kisha ofisi ya elimu impe nafasi. Na kuna gharama nyingine isiyo ya pesa."

"Ipi?"

"Ninyi wenyewe mjifunze lugha ya alama. Mtoto akiijua na ninyi hamuijui, mtakuwa wageni ndani ya nyumba moja. Tunafundisha wazazi kila Jumamosi."

"Hiyo mikono ni lugha?" Fundi aliuliza.

"Ni lugha kamili, Fundi. Ina kuuliza, kukataa, kutania. Ina jana na kesho. Wanangu wa darasani wanasengenyana nayo nikigeuka ubaoni."

Baba Mdogo akacheka, kisha akakohoa.

"Mwalimu, niruhusu nami niulize. Darasani kwako kuna watoto wangapi?"

"Wanane."

"Wanane! Wangu yuko darasa la watoto tisini. Wengine wanakaa chini. Mwalimu mmoja kwa watoto wanane, tena wanalala na kula hapo hapo. Si kutupa pesa za umma huko? Haki iko wapi?"

Mwalimu hakukasirika. Nadhani alishalisikia swali hilo mara nyingi.

"Mwanao anastahili dawati, shemeji, na nitakuunga mkono ukilidai. Ila usilitafute dawati hilo kwa Chiriku. Yeye hakulichukua. Watoto wangu ni wanane kwa sababu wanasikiliza kwa macho. Lazima kila mmoja aone mikono yangu, nami nione yake. Ni ghali, sikatai." Akamgeukia Fundi. "Ndoo isiyotiwa lehemu bei yake si ndogo?"

"Ndogo sana," Fundi alisema.

"Inabeba maji?"

Baba Mdogo alitaka kusema neno jingine, lakini Mama Jasiri alimwahi. Alisema huku akiangalia mikono yake.

"Jasiri hatukumlipia nauli. Hatukumnunulia hata daftari. Serikali haikutoa kitu, nasi hatukutoa kitu. Alikuwa mtoto wa bei nafuu kabisa. Yuko wapi?"

Baba Mdogo aliinamisha kichwa.

"Mpeleke," Fundi alisema mwishowe. "Sanduku nitatengeneza mwenyewe."

*

Chiriku alipimwa, na nafasi ikapatikana. Fundi akachagua bati zuri kuliko yote. Alilikunja pembe vizuri zisimkate mtoto. Alilipaka rangi ya buluu, akatia bawaba mpya. Lilipokauka, alimwita Chiriku aje aone.

Chiriku alisimama mlangoni. Baba yake alifungua kifuniko, akaweka gauni la mtoto ndani, akapigapiga bati kwa furaha. Chiriku alirudi nyuma. Uso wake ulibadilika. Akakimbilia chini ya kitanda, na walipomvuta alipiga kelele, akalipiga teke sanduku mpaka likabonyea upande.

"Huyu naye ana ki..." Fundi alianza.

Hakumaliza neno. Alikumbuka alimwambia nani neno hilo mara ya mwisho. Aliketi sakafuni karibu na sanduku, akauma ngumi.

"Anaogopa nini, mke wangu?"

"Sijui. Natamani ningejua."

Siku ya kuondoka, Chiriku alikataa kulishika sanduku. Baba Mdogo alilibeba mpaka stendi. Shuleni, mwalimu aliwapokea langoni. Watoto walikuwa wanakimbia uwanjani, mikono yao ikiongea kila upande. Chiriku hakuwatazama. Alikuwa amemshika mama yake gauni kwa mikono yote miwili.

"Nimwambie nini, mwalimu?" Mama Jasiri alilia. "Anadhani namtupa. Nifanye ishara gani ajue kwamba nitarudi?"

"Hajaijua bado ishara hiyo, mama. Hata ukiifanya, ataona mkono tu. Mwachie kitu chako. Ataijua siku utakaporudi."

Mama Jasiri alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga Chiriku mkononi. Akaondoka bila kugeuka. Sauti ya mtoto ilimfuata mpaka barabarani, na waliokuwa stendi walimpisha mama huyo akae.

Wiki ile Fundi hakula vizuri. Jumamosi wote wawili walipanda gari la kwanza. Chiriku alikuwa ukutani, kitambaa bado mkononi. Alipomwona mama yake, hakukimbia kwanza. Alisogea polepole. Akamgusa shavu, akamgusa pua, akamgusa tena shavu. Kisha akamkumbatia mpaka mama akakosa pumzi. Mwalimu alimgusa Chiriku begani, akamwonyesha mama, akafanya ishara moja. Chiriku aliirudia: amerudi.

Kuanzia siku hiyo hawakukosa Jumamosi, labda mvua ikikata barabara. Fundi alifunga karakana siku ambayo wateja ni wengi. Hiyo nayo ilikuwa gharama, na aliilipa. Vidole vyake vilikuwa vizito, vimejaa makovu ya bati. Wazazi wengine walimtania kwamba anaongea kwa kigugumizi cha mikono. Mama Jasiri alikuwa mwepesi. Alijifunza maji, chumvi, shangazi, uongo, nakupenda.

Jumamosi moja mwalimu alisema, "Leo nakufundisha kufa."

"Hilo niondolee, mwalimu. Sitalihitaji."

"Utalihitaji, mama."

Mama Jasiri alijifunza huku machozi yakimtoka. Hakulitumia popote.

*

Likizo ndefu ikafika. Chiriku akarudi nyumbani, na sanduku lake lile lenye kibonyeo. Sasa alilishika mwenyewe upande mmoja. Alikuwa amerefuka. Aliweza kuandika jina lake na majina ya wenzake wote wa darasa. Kila kitu ndani ya nyumba alikiuliza kinaitwaje.

Asubuhi moja alimjia mama yake, akaonyesha taya. Mikono yake ikasema: "Jino linauma. Upande huu. Lilianza jana."

Mama Jasiri alisimama na mwiko mkononi. Kisha akamchukua, wakaenda hospitali. Lilikuwa jino bovu tu, likang'olewa. Daktari alishangaa kuona mama analia zaidi ya mtoto.

Mchana huo Chiriku, pamba bado mdomoni, aliingia chumbani akatoka na chanuo. Aliketi kizingitini. Mama yake akamfuata, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaketi karibu naye. Chiriku aligusa nywele zake, akasuka hewani kwa vidole viwili, akajigonga kichwani kidogo. Mama hakuelewa. Chiriku akarudia.

"Ni nini hiyo?" mama akauliza kwa mikono.

"Jina. Shuleni kila mtu ana jina la mkono. Hili ni la dada. Yule aliyekuwa ananisuka."

Jasiri alikuwa ameishi na kufa bila kulijua jina lake. Waliliita kila siku, naye hakulisikia hata mara moja. Sasa alikuwa na jina, na aliyempa ni mdogo wake.

Chiriku hakuwa amemaliza. Mikono yake ilienda haraka.

"Dada yuko shule gani? Mlimweka kwenye sanduku kubwa, gari likamchukua. Niliogopa. Mimi pia mlinitengenezea sanduku. Lakini mimi nimerudi. Likizo yake ni lini?"

Mama Jasiri akaelewa. Ndiyo maana ya kile kibonyeo. Mtoto huyu alikuwa ameingia kwenye gari akiamini anakwenda alikokwenda dada yake. Na tangu alipojua kwamba watu wanarudi, alikuwa anamngoja.

Angeweza kumdanganya. Alifikiri hivyo, kwa muda mfupi. Kisha akainua mikono yake, akatumia neno alilolikataa.

"Dada amekufa. Aliumwa tumbo. Hakuweza kutuambia. Hatukuelewa. Hayuko shuleni. Harudi."

Chiriku aliitazama mikono ile. "Harudi?" akauliza. "Harudi," mama akajibu. Chiriku akaweka chanuo chini. Akalia, si kama ndege tena, akalia kama mtu mzima aliyeletewa habari. Miaka miwili baadaye, hatimaye alikuwa msibani kwa dada yake.

Nyundo ilinyamaza. Fundi alikuja mbio akauliza kuna nini, mkewe akamweleza. Fundi alichuchumaa mbele ya mwanawe. Alijaribu kufanya lile jina, vidole vyake vikakosea. Chiriku alijifuta machozi, akavishika vidole vile vizito kimoja kimoja, akavipanga. Akasubiri. Fundi akaliita jina la binti yake wa kwanza, na mara hii sawasawa.

Likizo ilipokwisha, Baba Mdogo alikuja kubeba sanduku. Alikuwa amefanya mazoezi ya siri. Alimsalimia Chiriku kwa mikono, na Chiriku akacheka kwa sababu badala ya "hujambo" alikuwa amesema "sabuni."

"Mwaka ujao nikipata mkutano wa halmashauri," Baba Mdogo alimwambia kaka yake, "nitasimama niseme. Madawati ya wangu, na hawa wanane pia. Yote mawili."

Fundi alitaka kulinyoosha lile sanduku lilipobonyea. Chiriku alimzuia. Akasema liachwe hivyo.

Stendi, Mama Jasiri alijikaza. Alishindwa. Aligeuza uso mtoto asimwone, lakini watoto wale huona kila kitu. Chiriku alimvuta gauni mpaka akageuka. Akamwekea kiganja kifuani kumtuliza. Kisha akaiachia mikono yake iseme, polepole, kama anavyosema mwalimu na mtoto mgeni:

"Usilie, mama. Mimi nitarudi."